Anguko la Miaka Arobaini: Maneno ya Kumkumbuka Evel Knievel

Mwenyekiti wa kijiwe, wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, vijana wa bodaboda, na mama zetu mnaotulisha hapa kila asubuhi kwa mkopo usiolipika, habari za jioni.

Nimepewa nafasi niseme juu ya marehemu Robert Craig Knievel, yule Mmarekani aliyeruka vitu kwa pikipiki mbele ya watazamaji, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Evel Knievel. Kuna vijana wamenifuata tangu mchana: "Fundi, huyo mzungu si alishakufa zamani? Msiba gani huu wa kuchelewa?" Ni kweli. Alifariki tarehe 30 Novemba 2007, Clearwater, jimbo la Florida, akiwa na miaka 69. Tumechelewa. Lakini ninyi mnaonyanyua tairi la mbele pale kwenye lami mpya, mnaosimama juu ya siti na kuachia usukani ili mpigwe picha, mnamwiga yeye, na wengi wenu hata jina lake hamjawahi kulisikia. Mtu anayeigwa kiasi hicho anastahili angalau kutajwa.

Tena sikuja kumpamba. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na desturi hiyo naiheshimu, ila huyu bwana alijipamba mwenyewe vya kutosha akiwa hai. Tukiongeza na ya kwetu, ukweli utakosa pa kukaa.

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1938, Butte, Montana, mji wa shaba. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Kolwezi wakisikia mji wa shaba hawahitaji maelezo: mashimo, vumbi, mishahara inayoishia baa, na wanaume wanaopimana ubavu kila Jumamosi. Alilelewa na babu na bibi yake. Akiwa na miaka minane aliona maonyesho ya Joie Chitwood, wale watu waliokuwa wakizunguka nchi wakiruka na magari mbele ya umma, na toka siku hiyo hakupona. Ukubwani akaajiriwa mgodini. Alipenda kusimulia kwamba alinyanyua mtambo wa kuchimbia kama mnavyonyanyua pikipiki, ukagonga nyaya kubwa za umeme, Butte ikakaa gizani, naye akafukuzwa kazi. Hadithi za Knievel zina chumvi, mzionje kwanza kabla ya kumeza.

Lakini ile ya pembe ni ya kweli. Mwaka 1961 serikali ilikuwa ikiwapunguza kwa risasi elk wa hifadhi ya Yellowstone, wale kulungu wakubwa wa huko. Knievel akachukua jozi ya pembe zao, pana kuliko mlango huu, akaenda kwa lifti kutoka Butte mpaka Washington, mji mkuu, katikati ya baridi ya Desemba, kudai wanyama wahamishwe badala ya kuuawa. Naipenda hiyo kuliko nusu ya miruko yake. Hakukuwa na kiingilio, hakukuwa na suti nyeupe yenye nyota aliyokuja kuvaa kwenye miruko.

Baada ya hapo akauza bima. Akafungua duka la pikipiki Moses Lake, jimbo la Washington, na kama kila mwenye duka anavyojua, pikipiki hazijiuzi. Mwaka 1965 akatangaza kwamba ataruka juu ya kasha la nyoka wenye sumu na puma wawili waliofungwa kamba. Akaruka, akapungukiwa kidogo, tairi la nyuma likagonga kasha, nyoka wakamwagika, watazamaji wakatimka. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye aliona kwamba watu walikuwa wamekuja.

Sasa nifike Las Vegas, maana ndiko hasa ninakotaka kuwapeleka.

Mwaka 1967 aliziona chemchemi za mbele ya hoteli ya Caesars Palace, maji yanarushwa juu usiku na mchana, akataka kuziruka. Mwenye hoteli, Jay Sarno, hamjui Knievel wala hajawahi kumsikia. Knievel akafanya nini? Akaanza kupiga simu. Leo anapiga kama wakili wa kampuni ya Evel Knievel, kesho kama mwandishi wa habari anayeuliza, eti ni kweli Knievel anaruka hapo kwenu? Mpaka Sarno akaamini kuna mtu mkubwa anamkimbilia, akatoa tarehe: 31 Desemba 1967. Madalali wa mjini hapa wasikie na wanyamaze.

Televisheni ya ABC ilikataa kuonyesha mruko huo moja kwa moja. Wakamwambia apige filamu mwenyewe, wataiangalia. Akamkodi mwigizaji John Derek, na mwenzi wake Derek, mwigizaji Linda Evans, akashika kamera ya upande wa kutua. Kwa hiyo kile kipande cha filamu ambacho kimetazamwa na dunia nzima, kile cha polepole ambacho mwili unabingirika kama gunia, kilipigwa na mtu ambaye hakuwa mpiga picha wa kazi hiyo.

Nataka mnisikilize hapa kama mafundi. Chombo kilikuwa Triumph Bonneville, injini ya cc 650, pikipiki ya barabarani tu, nzito. Umbali wa kwenda ulikuwa mita 43. Kupaa si kazi. Ukiwa na spidi na rampu, hata mbuzi atapaa. Ukiwa hewani unaweza bado kuchezesha pua: ukivuta mafuta, tairi la nyuma linaongeza kasi na pua inapanda, ukikanyaga breki ya nyuma, pua inashuka. Basi, hayo tu. Spidi huwezi kuiongeza tena. Ile uliyoondoka nayo kwenye ubao ndiyo utakayofika nayo, na Knievel alisema pikipiki ilipoteza nguvu ghafla pale pale kwenye ubao wa kuondokea.

Rampu ya kutua imelala kwa mshuko ili ukigusa, uzito uteremke nayo. Ukipungukiwa hata kidogo, unagusa ukingo wa juu, na hapo hakuna mshuko wa kukupokea. Uzito wote unasimama pale pale. Ndivyo alivyotua, kwenye ukingo. Usukani ukamchomoka mikononi. Akarushwa mbele, akapiga lami, akateleza mpaka kwenye maegesho ya hoteli ya jirani. Nyonga ilisagika. Mfupa wa paja ukavunjika, kifundo cha mkono kikavunjika, vifundo vyote viwili vya miguu vikavunjika, na kichwa kikatikisika. Ilitangazwa kwamba alilala siku 29 bila fahamu. Wapo waliokuwa karibu naye waliokanusha. Mifupa haikukanushwa na mtu.

Ile filamu ABC wakainunua. Waliokataa mruko walilipia anguko. Kabla ya siku ile alikuwa mwuza pikipiki mwenye domo. Baada yake akawa Evel Knievel. Jambo hilo silipendi na sitalisifu, ila ndivyo lilivyokuwa.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Watu husema Knievel alianguka Caesars Palace halafu akainuka. Mimi nasema anguko lile halikuisha siku ile. Lilianza tarehe 31 Desemba 1967 na likamaliza kazi tarehe 30 Novemba 2007, bado mwezi mmoja itimie miaka arobaini. Sisi tulionyeshwa sekunde chache za mwanzo.

Tufuatane. Kuanzia mwishoni mwa 1970 aliendesha Harley-Davidson XR-750, ile mnayoiona kwenye picha zake nyingi. Ni pikipiki ya mbio za kwenye udongo tambarare. Shokomzoba zake ni fupi, zimetengenezwa kumeza vimatuta vidogo, si kumpokea mtu anayetoka hewani. Pikipiki za kuruka za leo zina shokomzoba zinazozama karibu urefu wa rula ya shule. Knievel alikuwa na vidole vichache tu vya kuzama, kilichobaki kilipokelewa na uti wa mgongo. Kwa hiyo hata miruko aliyofaulu, na ilikuwa mingi, ilimla. Mnaona picha ametua salama, anapunga mkono. Sisi tunaofungua chasisi tunajua kuna salama na kuna salama.

Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilimwandikia mifupa kuvunjika mara 433 mpaka kufikia mwisho wa 1975. Idadi hiyo wengi wameitilia shaka na mimi ni mmoja wao. Gawa kwa kumi ukitaka. Bado hutamani iwe yako.

Tarehe 8 Septemba 1974 alikwenda kuruka korongo la mto Snake, karibu na Twin Falls, Idaho. Pale hapakuwa na pikipiki tena. Ilikuwa roketi ya mvuke iliyotengenezwa na mhandisi Robert Truax, ikaitwa Skycycle X-2, na jimbo la Idaho liliiandikisha kama ndege. Majaribio yalikuwa yameshindwa, lakini tarehe ilikuwa imetangazwa na tiketi zimeuzwa. Ikaondoka, na hapo hapo parachuti ikafunguka kabla ya wakati. Upepo ukairudisha. Ikashuka taratibu mpaka chini ya korongo, upande ule ule ilikotokea, hatua chache kutoka kwenye maji. Alikuwa amefungwa mikanda ndani. Ingeangukia mtoni, asingetoka. Alitoka na mikwaruzo, na watu wakamwita tapeli. Hebu fikirini: mtu anaponea chupuchupu kuzama, anadaiwa kwa nini hakuvuka.

Jiwe la kaburi lake lilichongwa wakati huo, kwa ajili ya mruko huo. Mtu alikwenda kazini jiwe lake likiwa tayari.

Wembley mnaijua kwa mpira. Tarehe 26 Mei 1975 walikusanyika pale London watu wapatao 90,000 kumtazama akiruka mabasi 13. Akaruka yote isipokuwa mwisho wa mwisho. Akatua vibaya, akarushwa, pikipiki ikamfuata. Nyonga tena. Wakaleta machela. Akaomba ainuliwe, apewe kipaza sauti, akawaambia Waingereza kwamba wao ndio watu wa mwisho duniani kumwona akiruka, kwamba hataruka tena kamwe. Halafu akakataa machela, akatoka akitembea na nyonga iliyovunjika, ameshikiliwa huku na huku, kwa sababu aliingia akitembea.

Baada ya miezi mitano alikuwa Kings Island, Ohio, tarehe 25 Oktoba 1975, akaruka mabasi 14 na kutua. Mita 40 na kitu. Wanaume tusicheke. Ni nani hapa hajawahi kusema leo ndiyo mwisho?

Na sasa lile ambalo familia nyingine zingetaka lirukwe. Mwaka 1977, kwanza Chicago mwezi wa Januari, akiwa kwenye mazoezi ya kuruka bwawa la papa, alipoteza mwelekeo, akajivunja mwenyewe na kumjeruhi mpiga picha aliyekuwa anafanya kazi yake tu. Halafu mwezi wa Septemba alimfuata Shelly Saltman, aliyekuwa promota wake katika ule mruko wa korongo na aliyeandika kitabu ambacho Knievel aliona kimemtukana. Akampiga kwa rungu la besiboli, akamvunja mkono. Alifungwa miezi sita. Wadhamini wakaondoka: Harley, na kampuni ya Ideal iliyokuwa ikiuza vidoli vyake kwa watoto kila Krismasi. Mwaka 1981 mahakama ikamwamuru alipe zaidi ya dola milioni 12, na Saltman hakuwahi kuzipata. Mtu aliyejua uchungu wa mfupa kuvunjika kuliko binadamu yeyote wa wakati wake akaenda kumvunja mwenzake kwa makusudi. Sina la kulipamba hilo. Nalisema kwa sababu Saltman naye alikuwa mtu.

Watazamaji wakaondoka. Kamera zikazimwa. Lakini mnakumbuka nilisema anguko lilikuwa halijaisha.

Kila alipovunjika alipasuliwa, na aliyepasuliwa sana huongezewa damu. Miaka ya sitini na sabini virusi vya homa ya ini aina C vilikuwa bado havijajulikana. Viligunduliwa 1989, na damu ikaanza kupimwa baada ya hapo. Knievel aligundulika kuwa navyo, na mwenyewe aliamini alivipata katika damu ile ya hospitalini. Vilikaa ndani yake vikitafuna ini kimyakimya. Mwaka 1999, akiwa hoi, alipandikizwa ini la mtu mwingine. Kisukari kikamkaba. Mwishowe mapafu yakajaa makovu, na sitawadanganya kwamba makovu hayo yalitokana na pikipiki. Ni maradhi ambayo madaktari wenyewe hawakuona chanzo chake. Ila mwili ulioyapokea hayo yote ulikuwa umeshatumiwa, vyuma ndani, viungo vimesagika, anatembea kwa taabu na mtungi wa oksijeni pembeni. Alikuwa na miaka 69. Bibi zetu wa miaka 69 wanapanda mnazi, natia chumvi kidogo, lakini mnanielewa.

Tarehe 1 Aprili 2007 alisimama kanisani California, akazungumza juu ya imani yake, akabatizwa na mchungaji Robert Schuller. Miezi minane baadaye Schuller huyo huyo aliongoza mazishi yake, Butte, tarehe 10 Desemba, ukumbini, watu wamejaa. Mwigizaji Matthew McConaughey alisimama kumsemea. Usiku wa kuamkia mazishi mji ulirusha fataki. Akazikwa makaburi ya Mountain View, chini ya jiwe lile lile la 1974. Lilimsubiri miaka 33.

Mwanawe Robbie naye aliruka. Tarehe 14 Aprili 1989 aliziruka chemchemi zile zile za Caesars Palace, akatua, akashuka akakumbatiwa na baba yake. Januari 2023 Robbie naye akafariki, saratani, akiwa na miaka 60. Wote wawili tuwaombee.

Vijana, kuna kitu kimoja ambacho Knievel hakukifanyia mzaha, na ajabu yake ndicho mnachokifanyia mzaha ninyi. Helmeti. Pale Caesars Palace alikuwa nayo, imefungwa kidevuni. Itazameni ile filamu muhesabu kichwa kinapiga lami mara ngapi. Maisha yake yote aliwahubiria waendesha pikipiki wavae, na alitetea hata sheria ya kuwalazimisha. Yule mwendawazimu tunayemwiga alikuwa anavaa. Sisi tulio na akili timamu tunaining'iniza kwenye kioo cha pembeni mpaka tumwone trafiki. Na ile ya abiria inanuka mpaka abiria anaogopa kuivaa. Ifueni ile sponji. Sabuni ya mche ni bei gani?

Tena yeye alikuwa na rampu, alikuwa na gari la wagonjwa limewashwa pembeni, alikuwa na uwanja mtupu usio na mtoto anayevuka kwenda kununua barafu. Wewe una lami ya halmashauri na lori la mchanga linakuja mbele.

Mwenyekiti ameninyooshea saa, namalizia. Mnajua wote kwamba mwenzetu mmoja yuko nyumbani mwezi wa tano sasa na chuma mguuni. Wiki aliyoanguka tulikwenda kumwona kijiwe kizima, mpaka nesi akatufukuza. Juzi nimekwenda, nikamkuta na mkewe tu. Chuma kinatakiwa kutolewa, na kutolewa kunalipiwa upya, halafu kuna mazoezi ya mguu, nayo yanalipiwa. Pikipiki ya bosi imeshapewa mtu mwingine. Kwake yeye ajali bado inaendelea, na ndiyo maana nikakubali kuzungumza leo.

Daftari la mchango liko kwa katibu, pale karibu na mlango. Elfu mbili, elfu tano, mwenye elfu kumi asione haya. Filamu ya Kings Island ipo, ya Caesars Palace ipo, projekta tumeazima na inafanya kazi, nimeijaribu. Itawashwa baada ya mchango, si kabla, kwa sababu nawajua.